Boti ya Mtera Yapanda Uluguru

Tangu nirudi, hakuna mteja anayeingia kibandani kwangu kuulizia kochi lake bila kwanza kuulizia boti. "Athumani, ni kweli umepata boti ya kasi?" "Athumani, injini yake iko wapi?" "Athumani, Mluguru na boti wapi na wapi?" Nimeeleza mpaka koo limekauka, na sponji zimelala hazijakatwa. Basi nimeona niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, na mimi niachwe nishone.

Kwanza mjue sababu, maana wengine mlisema ni kiburi cha uzeeni. Mama yangu, Mwanahawa, anakaa na dada yangu Zaina ng'ambo ya Mto Ruvu, chini ya Matombo, pale barabara inapokatikia ukingoni. Macho yake yote mawili yaliingiwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho waliopita kijijini walisema yanatibika, ila lazima aje mjini, tena asichelewe. Tatizo ni mto. Mjomba Kibwana, kaka yake mama wa tumbo moja, alizama pale pamoja na mtumbwi, na tangu siku hiyo mama hajavuka. Daraja liko mbali, njia ya kulifikia ni milima mitupu, na magoti yake hayaiwezi. Tulipomwambia tutambeba kwa machela, alijibu kwamba machela ni ya mtu asiyejua anakopelekwa, na yeye bado anajua. Wakati huo alikuwa ananitambua kwa sauti tu.

Nikajisemea, kama anachoogopa ni mtumbwi, nitamletea chombo ambacho si mtumbwi. Kipana, kizito, chenye ubavu mrefu, mtu akikaa ndani asione maji yanamchungulia. Hayo ndiyo yaliyonipeleka Mtera.

Mtera: tunamsubiri kuku

Boti ilikuwa ya Mzee Chilongola, mteja wangu wa zamani, ambaye miaka ya nyuma alikuwa akiwavusha wanunuzi wa samaki bwawani. Nilimshonea seti ya makochi, naye akanipa boti, kila mtu akaona amempunja mwenzake. Jirani yangu Mloka, mwenye Fuso, alinishusha Mtera akiwa njiani kupeleka mzigo Iringa, tukakubaliana atanipitia akirudi.

Nilikuwa nimeiona boti kwenye picha ya simu tu. Kwenye picha ilikuwa nyeupe. Kumbe ni picha ya zamani. Niliikuta nyuma ya nyumba, imekaa juu ya matofali, injini ilishauzwa zamani na kuacha tundu kubwa nyuma, kitakoni ina ufa, na ndani yake wanaishi kuku. Walikuwa wameizoea hasa. Jogoo alikuwa anawikia kwenye usukani.

Kuku wa kawaida tuliwatoa asubuhi moja. Lakini kule mbele kabisa, chini ya kile kipaa kidogo, alikuwepo tetea mmoja mwekundu anaatamia. Nilipoingiza mkono, mke wa mzee alitoka jikoni na mwiko.

"Huyo muache."

"Mama, gari langu linakuja."

"Gari litasubiri. Kuku anayeatamia hahamishwi. Ukimhamisha anasusa mayai, halafu vifaranga nitakudai wewe."

Nikamtazama mzee anitetee. Mzee akatazama bwawa. "Boti ni yako, fundi," alisema. "Kuku ni wa mama."

Mloka alirudi kutoka Iringa akakuta bado tunasubiri. Alifoka kidogo, kisha akaletewa sahani ya perege wa kukaanga, ugali wa uwele na mlenda, akasema kwa kweli hata lori lenyewe linahitaji kupumzika. Siku zile nilizitumia kukwangua rangi na kinyesi, nikianzia nyuma kwenda mbele, na kila siku yule kuku aliniona nikimkaribia hatua moja zaidi. Tulifikia mahali tukaheshimiana. Vifaranga walipototolewa, mke wa mzee mwenyewe aliwabeba kwenye ungo, akanipigia makofi kana kwamba nimewatotoa mimi.

Kibaigwa: ng'ombe wangapi?

Vijana wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, waliipandisha boti kwenye Fuso kwa kelele nyingi na nguvu chache. Ilikuwa ndefu kuliko bodi la gari, kwa hiyo nyuma ilitokeza, tukaifunga kitambaa chekundu ili magari yatuone. Njia nzima mpaka Dodoma mjini watu walisimama kutushangaa. Nchi ile ni kavu, na nadhani boti iliyo barabarani inamsumbua mtu akili.

Kibaigwa tulisimama kula. Nilipotoka mgahawani nikamkuta mzee mmoja wa Kimasai anaipima boti kwa fimbo yake, ubavu hadi ubavu, kisha kina. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaendelea kupima.

"Wanakunywa wangapi kwa mara moja?" aliniuliza.

"Nani, mzee?"

"Ng'ombe."

Nikamweleza kwamba hili si birika la kunyweshea, ni chombo cha kuvukia maji. Akaitazama tena, akazunguka nyuma, akachungulia lile tundu la injini na ule ufa.

"Hiki kimetoboka," alisema. "Ukikiweka ndani ya maji, maji yataingia. Ukiweka maji ndani yake, yatatoka pole pole, ng'ombe watakuwa wameshakunywa. Mimi ndiye ninayejua matumizi yake."

Mloka alicheka mpaka akaegemea tairi. Mzee aliniachia namba yake ya simu, akasema nikishindwa na huo mto wangu nimpigie. Ninayo mpaka leo, na kuna siku nilikaribia kuipiga.

Dumila: boti inatekwa

Tuliingia Dumila mvua ikianza, na tairi la nyuma likaishiwa pumzi mbele ya mabanda ya vitunguu. Mloka alishuka na jeki. Mimi nilienda kutafuta mahindi ya kuchoma. Niliporudi, kulikuwa na mwanamke ndani ya boti. Mnene, mwenye kitenge cha kijani na viatu vya mvua, amefungua mwavuli, amekaa kwenye kiti cha nahodha ambacho panya walishamaliza sponji yake.

"Mama, samahani, shuka. Tunaondoka sasa hivi."

"Mwenye boti nani?"

"Mimi."

"Kabila gani wewe?"

"Mluguru."

Alipiga kelele ya furaha mpaka wauza vitunguu wakageuka. "Mluguru! Jamani njooni mwone, mlima umenunua boti! Mimi Msukuma wa Magu, ziwa liko mlangoni kwetu. Nyie watani zangu maji mnayajua ya kwenye ndoo. Hebu nioneshe, mbele ni wapi na nyuma ni wapi?"

Nilionesha mbele. Akasema nimebahatisha. Kisha akapiga kiganja kwenye ubavu wa boti na kutangaza kwamba ameiteka, na kuanzia saa hiyo ni mali yake.

Mnaujua utani. Mtani akikuteka hununi. Ukinuna umeshindwa, na habari zako zitakutangulia kila stendi. Nilimpa hindi moja kama fidia, akalila na hakushuka. Nikaleta soda, akanywa, akashukuru, hakushuka. Watu walijaa. Mloka alishamaliza tairi na alikuwa amekaa kwenye boneti anafurahia, Mluguru mwenzangu kabisa, hata neno moja la kunisaidia hana. Mwishowe nikamwambia ukweli: boti inakwenda Ruvu, kumvusha mama yangu apelekwe hospitali, maana anapofuka.

Alifunga mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Anaitwa nani mama?"

"Mwanahawa."

"Basi boti yangu nakuazima kwa ajili ya Mwanahawa. Lakini siku inayoingia majini niwepo. Isije ikaguswa na maji mwenyewe sipo."

Jina lake Mama Shija. Anauza vitunguu Dumila, na huenda Mkuyuni kufuata ndizi na mananasi, kwa hiyo njia ya kwetu anaijua kuliko hata Mloka. Alipanda nasi mpaka Msamvu akiwa ndani ya boti yake, akiwapungia mkono abiria wa mabasi.

Msamvu: fundi wa bampa

Mjini Morogoro hakuna fundi wa boti. Kuna mafundi wa bampa. Shirima ana gereji ya faiba si mbali na stendi ya Msamvu, na kila basi linalogonga ng'ombe kati ya Gairo na Chalinze hupita mikononi mwake. Alizunguka boti mara mbili, akasema, "Hii ni bampa kubwa tu," nikajua nimefika.

Tulikubaliana kazi kwa kazi. Yeye aliziba ufa na tundu la injini, mimi nikamshonea viti vya mabasi vilivyokuwa vimerundikana uani kwake. Tulikuwa tunafanya kazi ubavu kwa ubavu, yeye anasugua na kulowesha nyuzi za faiba kwa ile gundi yake kali inayoliza macho, mimi na cherehani yangu, na kati yetu sufuria ya maharage. Wapiga debe walipogundua boti, ikawa hatupumui. "Mwanza, Mwanza moja kwa moja, haisimami Singida!" Mzee mmoja alikuja kweli na begi lake akauliza inatoka saa ngapi.

Kila mtu alitaka kujua injini. Hata Shirima.

"Boti ya kasi bila kasi, Athumani?"

"Injini inakunywa mafuta. Siku mafuta yakiisha Matombo, watu watabaki katikati ya mto. Nataka kitu ambacho dada yangu ataweza kukivuta mwenyewe."

Mpango ulikuwa waya mnene wa chuma kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukifungwa kwenye miti, na makapi mawili, vile vigurudumu vyenye mfereji, juu ya boti yakitembea kwenye waya. Unashika, unavuta, unavuka. Usukani tukaung'oa. Kile kioo cha mbele tukakitoa. Viti vya panya tukavichoma. Mahali pake tukapiga mabenchi ya mabanzi ya mbao, na chini ya mabenchi tukajaza madumu matupu yaliyofungwa vizuri, ili hata maji yakiingia boti igome kuzama. Rangi ilikuwa ya mabaki ya mabasi: kushoto bluu, kulia maziwa. Ukiiona ikienda na ukiiona ikirudi utadhani ni boti mbili.

Halafu mimi kwa ufundi wangu nikaongeza kitu. Nilimtengenezea mama kiti chake peke yake, chenye mahameli nyekundu, mgongo mrefu, na mikono miwili ya kushikilia. Nilikipenda kile kiti. Nilimpigia Zaina kumweleza, nikamsikia akimwambia mama, na mama akijibu kwa mbali.

"Anasemaje?"

"Anasema kochi la nini mtoni." Zaina alipunguza sauti. "Kaka, na anasema mbona unamtengenezea kiti kabla hajakubali kukaa."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikuwa nimefikiria ufa, waya, makapi, rangi. Kukubali kwa mama nilikuwa nimekuchukulia kama msumari, kwamba utapatikana tu siku ya kazi.

Mkuyuni: safina

Tuliondoka mjini alfajiri na Mama Shija pembeni ya Mloka, makapu yake matupu nyuma. Barabara ya Mkuyuni nyie mnaijua, inapinda mpaka unakutana na mgongo wako. Matawi yalikwaruza rangi ya Shirima nami nikawa natoa sauti kila yakikwaruza, mpaka Mama Shija akaniuliza kama boti ni ngozi yangu.

Mkuyuni ilikuwa siku ya soko na tukakwama. Mikungu ya ndizi imelala mpaka katikati ya barabara, wenyewe wakisema sisi ndio tumekuja vibaya. Nilishuka kuomba njia, nikaona watu hawacheki. Walikuwa wananong'ona. Mama mmoja muuza magimbi alinishika mkono.

"Mwanangu, serikali imesema lini?"

"Imesema nini, mama?"

"Mafuriko. Si mmeleta boti? Imekuwa mvua ya namna hiyo, mpaka huku milimani?"

Habari ilikuwa imeshavuka soko zima. Mtu alikuwa tayari anauza mananasi yake kwa bei ya kutupa ili awahi nyumbani akatoe mbuzi bondeni. Nilipanda juu ya boti kueleza, na kosa langu lilikuwa kupanda, maana mtu aliyesimama ndani ya boti akiwaambia watu hakuna mafuriko haaminiki. Mzee mmoja mwenye kanzu akasema kwa upole, "Hata Nabii Nuhu walimcheka," na hofu ikaongezeka.

Aliyeokoa ni Mama Shija. Alipiga kelele kutoka dirishani kwamba mafuriko yangekuwapo, serikali isingempa boti Mluguru. Soko lote likaangua kicheko. Wakatupisha, wakatusukumia na mikungu miwili ya ndizi mle ndani kama sadaka ya safari, na Mama Shija akasema anakusanya ushuru wa boti yake. Yule mwenye mananasi alimfukuza mnunuzi wake mpaka akayapata tena.

Ruvu: msiba wa aliye hai

Kutoka barabara inapoishia mpaka majini ni mteremko ambao Fuso haishuki. Wanaume wa pande zote mbili walikuja, waliokuwa na shughuli na wasiokuwa nayo, wakaingiza miti chini ya boti na kuibeba mabegani wakiimba. Waya tulioutanguliza walikuwa wameshauvusha kwa mtumbwi na kuukaza kwenye miti. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, haujajaa ila una haraka. Mama Shija aliingia wa kwanza, akavua viatu, akakaa mbele na kusema, "Haya, tuone kama mlima unaelea."

Ukaelea. Nitasema bila aibu kwamba niliruka kama mtoto. Tulivuta kwenda na kurudi, kwanza wanaume, kisha mizigo, kisha kila mtu na mbuzi wake. Maji yaliingia kiasi cha kikombe, Shirima angefurahi.

Lakini mama hakuja mtoni. Tulimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwenye kelele za mtoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Athumani. Nimeisikia. Ina mlio mzuri. Mungu akubariki, watu watavuka."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nipo."

Nilieleza madumu. Nilieleza waya. Nilieleza kiti. Zaina alipiga magoti. Wazee wa ukoo walizungumza kwa adabu zote, maana mama ndiye mkubwa wa tumbo letu na hakuna wa kumnyanyulia sauti. Alisikiliza mpaka mwisho wa kila mmoja akajibu vile vile: "Mimi nipo." Niliona kazi yote, kuku wa Mtera hadi mahameli, imefika mahali pasipo na njia. Nilikaa chini nikashika kichwa.

Ndipo tukasikia kilio. Kilio chenyewe, cha msiba, kikipanda kutoka mtoni. "Yowe! Mwanahawa ameondoka! Mtani wangu ameondoka, nimekuja kumzika!" Mama Shija alifika uani mikono kichwani. Alivuta kanga ya mama kwenye kamba ya kuanikia, akajitanda, akaokota fimbo ya mama, akainamisha mgongo, na kuanza kutembea akipapasa ukuta.

"Nani huyo? Sema nikusikie! Zaina, mlango umehamia wapi? Mto? Mto siuoni, ila wenyewe unaniona!"

Niliona haya, nikaona hofu, nikatamani ardhi inimeze. Hivyo ndivyo watani wanavyofanya msibani, wanavaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke. Lakini marehemu alikuwa amekaa pale kwenye mkeka anasikiliza.

"Nani ananililia nami nipo?" aliuliza mama.

"Msukuma wa Magu. Kwetu mtu asiyeona, asiyetoka, asiyevuka, tunamzika. Nimeleta na vitunguu vya pilau."

Nikaona mabega ya mama yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha ndani kwa ndani ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu sana. Alipomaliza alijifuta macho yake yale meupe.

"Mtani," alisema, "umechelewa."

"Nimechelewa nini tena?"

"Kibwana alipokufa mto ulijaa. Watani wote walikuwa ng'ambo. Tulimzika wenyewe, tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyevaa kanzu yake, hakuna aliyetuchekesha hata kidogo. Ule msiba haujaanuliwa mpaka leo. Niende wapi na msiba haujaanuliwa?"

Mimi ni mwanawe wa kuzaa, na sikulijua hilo. Nilikuwa nimetengeneza boti kwa ajili ya mtu anayeogopa maji.

Mama Shija aliiweka fimbo chini. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo Kibwana alikuwa anatembeaje?"

"Kifua mbele," mama alisema. "Kama mwenye mashamba, na jembe lenyewe la kuazima."

Mama Shija akatembea kifua mbele.

"Siyo hivyo. Mkono kiunoni. Tena akohoe kabla hajasalimia."

Akakohoa. Mama akatikisa kichwa, akaniomba mkono, akasimama. Akamfundisha Msukuma mwendo wa kaka yake, yeye mwenyewe akitembea uani, mkono kiunoni, anakohoa. Majirani wakaanza kuchangia: alivyokuwa akikataa mboga halafu anakomba chungu, alivyomposa mke wa pili na yule wa kwanza ndiye akamfulia kanzu ya kwendea. Zaina alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mimi nililia tu, wazi wazi, na sikujali nani ananiona.

Watu walipochoka kucheka, Mama Shija alichukua kigoda cha mama kutoka barazani, akakiweka kichwani. "Nimekiteka," alisema. "Anayekitaka akifuate ng'ambo." Akashuka zake mtoni bila kugeuka.

Mama alisikiliza nyayo zake mpaka zikapotea.

"Zaina," akasema, "nipe kanga. Yule Msukuma ameondoka na kigoda cha mama yangu."

Hakukaa kwenye kile kiti chekundu. Alikigusa, akasifu ushonaji, akakaa chini sakafuni kati ya miguu yangu, amenishika suruali. Tulivuta kuelekea ng'ambo, ambako Mama Shija alitusubiri na kigoda ukingoni kabisa mwa maji. Tulipofika katikati aliuliza, "Ni hapa?" Nikamwambia ni hapa. Alitoa mkono nje akauchovya majini, akasoma Fatiha taratibu mpaka mwisho, maji yakimpita vidoleni. Kisha akajifuta mkono kwenye kanga.

"Vuteni," alisema. "Kigoda kitalowa."

Mjini

Yaliyobaki ni machache. Zaina alibaki na boti, na nasikia foleni yake sasa ina ugomvi wake. Mama Shija alipata ndizi zake na kigoda alikirudisha baada ya sisi kukikomboa kwa kuku mzima. Mama alilala kwangu, akalalamika kwamba mji una kelele na chai yetu haina tangawizi, kisha hospitali wakamfanyia jicho la kwanza.

Siku ya kufunguliwa bendeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Nesi alitoa pamba, akampangusa, akamwambia afumbue taratibu. Mama alitazama dirisha. Akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akanigeukia mimi, akanyoosha kidole akagusa ndevu zangu, ambazo zilianza kuota mvi yeye akiwa tayari gizani, na akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Athumani," alisema. "Mbona umezeeka na hukuniambia?"